Slaidi ya damu ya kuvuka ziwa: kuitandaza, kuipaka rangi na kuisoma pale lukemia, saratani ya damu, inaposhukiwa

Tuseme mtoto wa miaka sita ameletwa hospitalini Nansio. Viganja vimepauka, homa ya wiki tatu haisikii dawa, fizi zinavuja damu. MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ni hasi. Mashine ya FBP (hesabu kamili ya seli za damu) imetoa seli nyeupe 86 × 10⁹ kwa lita, chembe sahani 14, na alama za onyo zimejaa pembeni mwa karatasi. Hapo mashine imefika mwisho wake, maana inahesabu tu, haitazami. Kinachofuata ni slaidi, na jibu la mwisho litatolewa na mtu aliye ng'ambo ya maji, hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, pengine kesho mchana.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa maabara wa vituo vya afya na hospitali za wilaya kandokando ya Ziwa Victoria: Ukerewe, Sengerema, Magu, Misungwi na kwingineko. Slaidi ikifika Mwanza haisomeki, lawama hutupiwa feri au basi. Mara nyingi feri haina kosa. Slaidi iliharibika ndani ya saa mbili za kwanza, pale pale mezani ilipotengenezwa.

Kabla ya sindano

Uliza maswali mawili: ameshaongezewa damu? Ameshapewa prednisoloni au deksamethasoni? Damu ya kuongezewa inachanganya seli za mchangiaji na za mgonjwa, na kipimo cha selimundu kinapotoka kabisa. Hizo dawa mbili, za jamii ya steroidi, ni hatari zaidi kwa uchunguzi: katika lukemia ya limfu na katika limfoma (saratani ya tezi), dozi chache tu zinaweza kupunguza seli za ugonjwa kwenye damu kiasi kwamba slaidi inaonekana karibu safi, huku ugonjwa ukiwa bado umo. Kwa hiyo damu itolewe kwanza. Kama dawa imeshaingia, andika kwenye fomu jina lake, dozi na siku ilipoanza.

Chupa ya kizibo cha zambarau ina saa yake

EDTA iliyomo, kemikali ya kuzuia damu isigande, imepimwa kwa ujazo kamili wa chupa, takriban miligramu 1.5 kwa kila mililita ya damu. Ukitoa mililita moja kutoka kwa mtoto na kuiweka kwenye chupa ya mililita nne, EDTA inazidi mno. Seli zinanywea, kingo za seli nyekundu zinakuwa na miiba, na wewe utaandika ugonjwa ambao umeutengeneza mwenyewe. Tumia chupa ndogo za watoto, ujaze hadi mstari.

Pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kabla ya kutandaza, pitisha kijiti ndani uone kama kuna bonge. Bonge dogo kama punje ya ulezi linatosha kumeza chembe sahani nyingi, na mtoto akaonekana ana 14 kumbe ana 140. Ukilikuta, toa damu upya.

Andika saa ya kutoa damu. Utando, yaani damu iliyosambazwa nyembamba kwenye slaidi, utandazwe ndani ya saa mbili. Kwa joto la kawaida, damu iliyokaa saa tatu au nne kwenye EDTA tayari inaanza kubadilika, na ikilala usiku kucha seli nyeupe za kila aina zinaharibika: viini vya nyutrofili vinakunjamana na kuwa vyeusi, monosaiti zinatoboka vitundu, viini vya limfosaiti vinagawanyika mikunjo isiyokuwapo. Chupa iliyotolewa jana asubuhi ikifunguliwa Mwanza leo, seli zake zinaweza kufanana na ugonjwa usiokuwapo au kuficha uliopo. Ndiyo maana chupa peke yake haitoshi: slaidi zitandazwe ulipo wewe, dakika ile ile, kisha viende vyote viwili.

Kutandaza

Slaidi ziwe mpya. Zile zilizotumika kwa malaria zikaoshwa zina mikwaruzo, waachie wanafunzi wafanyie mazoezi. Hata mpya, zifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilichochovywa methanoli, kwa sababu unyevu wa huku unazifanya zishikane na kuweka ukungu ndani ya boksi. Andika namba ya mgonjwa, jina na tarehe kwa penseli kwenye ile ncha yenye ukungu iliyotengenezwa kwa kuandikia. Kalamu ya wino na maka vyote vinayeyuka kwenye methanoli, na slaidi isiyo na jina ni kipande cha kioo tu.

Tone liwe na upana wa milimita 2 hadi 3, sentimita moja kutoka kwenye ncha. Slaidi ya kutandazia iwe nyembamba kidogo kuliko unayotandazia, kingo zake laini. Iegeshe mbele ya tone kwa nyuzi 30, irudishe nyuma iguse damu, subiri damu ikimbie upande hadi upande, kisha sukuma mbele kwa mwendo mmoja bila kusita. Utando mzuri una urefu wa sentimita 3 hivi, haufiki kwenye kingo, na unaishia kwenye mkia mwembamba kama ulimi.

Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa sababu wamefundishwa pembe moja tu. Damu ya mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu ni nyepesi kama maji: kwa nyuzi 30 inakimbia mpaka mwisho wa kioo bila kuacha mkia. Inua pembe ifike kama 45 na uende haraka zaidi. Damu nzito, kama ya kichanga au ya mgonjwa mwenye seli nyeupe 300, inataka pembe ya chini na mkono wa polepole. Ukanda huu wenye malaria, minyoo, kichocho na selimundu, damu nyepesi utakutana nayo kila siku, basi mkono uzoee pembe ya juu.

Tandaza slaidi sita. Mbili utazipaka rangi na kuzisoma, tatu utazifiksi tu (kuzishikiza seli kwenye kioo kwa methanoli) bila rangi zisafiri, moja ni akiba.

Kukausha kusichukue zaidi ya dakika moja. Wakati wa masika hewa ya ziwani imejaa maji, na utando unaokauka polepole unaacha seli nyekundu zenye matundu meupe yanayong'aa katikati, kama vitumbua vilivyotobolewa. Pepea slaidi hewani au iweke mbele ya feni ndogo. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ni mvuke. Usiiweke juu ya kitu cha moto.

Na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wakivamia taa ya maabara jioni, mmoja akitua kwenye utando mbichi, miguu yake inachora mistari ambayo hakuna rangi itakayoifuta. Utando uliokauka bila kufiksiwa una adui mwingine: sisimizi, nzi na mende wanaula. Asubuhi unakuta utando umemegwa kama mkate. Funika kwa trei, na ufiksi mapema.

Methanoli, na maji yasiyoonekana

Slaidi za kusafiri zifiksiwe mara zinapokauka, kwa dakika 2 hadi 3 ndani ya methanoli kavu, yaani isiyo na maji. Zikiachwa bila kufiksiwa hadi kesho, utegili (majimaji ya damu) uliokauka juu yake utashika rangi na kuacha mandhari ya bluu-kijivu nyuma ya seli.

Methanoli inavuta unyevu. Chupa ya lita 2.5 ikifunguliwa mara kumi kwa siku kando ya ziwa, itakunywa maji taratibu, na asilimia chache tu za maji zinatosha kuharibu umbo la seli. Mimina ya siku moja kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha kubana, kubwa ibaki imefungwa. Kilichobaki jioni usikirudishe kwenye chupa kubwa. Kitumie kufuta slaidi.

Rangi: bafa ya malaria siyo bafa ya kazi hii

Kosa hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko yote. Maabara nyingi zina bafa (maji yanayoshikilia kiwango kimoja cha asidi) ya pH 7.2 mezani, iliyotengenezwa kwa ajili ya malaria, na ni sahihi kabisa kwa kazi hiyo. Lakini ukiitumia kutazama seli nyeupe, kila kitu kinakuwa cha bluu: kiini cha blasti (seli changa kabisa, ndiyo tunayoitafuta) ambacho kromatini yake, nyuzi za ndani ya kiini, ni laini kama poda kinaonekana kizito na kimefumba, na nukleoli, vidoa vya ndani ya kiini, zinazama. Kwa lukemia tunataka pH 6.8.

Kama huna vidonge vya bafa, tengeneza hivi. Chupa ya kwanza: gramu 9.1 za potasiamu dihaidrojeni fosfati kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke. Chupa ya pili: gramu 9.5 za disodiamu haidrojeni fosfati kavu kwenye lita moja. Changanya mililita 50.8 za ya kwanza na 49.2 za ya pili. Hiyo ni pH 6.8. Kisha chukua mililita 50 za mchanganyiko huo, ongeza maji hadi lita moja. Haya ndiyo maji ya kuzimulia rangi na kuoshea. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na pH yake haikungoji wewe, usiyatumie hata kwa kusuuza mara ya mwisho.

Rangi ya Leishman: gramu 0.15 za poda kwa mililita 100 za methanoli isiyo na asetoni. Tikisa, iache ikomae siku kadhaa kwenye chupa ya kahawia, chuja kabla ya kutumia.

Laza slaidi kwenye rafu, funika utando wote kwa rangi isiyozimuliwa, subiri dakika 2. Methanoli iliyomo ndiyo inayofiksi. Ikianza kukauka ongeza, maana rangi ikikaukia kwenye kioo inaacha mchanga wa zambarau unaofanana sana na chembe sahani. Ongeza bafa mara mbili ya ujazo wa rangi, vuta hewa na kuitoa kwa pipeti ili vichanganyike, subiri dakika 8 hadi 10. Osha kwa bafa mpaka utando uwe wa waridi, simamisha ukauke. Usimwage rangi kwanza kisha ukaosha: ule utando wa dhahabu unaoelea juu utatua wote kwenye seli. Uoshe ukiwa unaelea, maji yausukume nje.

Seli nyekundu zikiwa za kijani-bluu, bafa ina alkali nyingi, utando ni mnene mno, au hukuosha vya kutosha. Zikiwa za rangi ya chungwa na viini vimepauka, bafa ni kali upande wa asidi au umeosha kupita kiasi. Kipimo cha haraka: tafuta nyutrofili moja iliyokomaa. Kiini kiwe cha zambarau, chembechembe ziwe za urujuani hafifu, seli nyekundu jirani ziwe za waridi. Kama nyutrofili haiko sawa, blasti usiiamini.

Kusoma

Anza na lenzi ya mara 10, na uanzie mkiani na kwenye kingo. Seli kubwa husukumwa huko, na mabonge ya chembe sahani pia. Ukiona mabonge, ile 14 ya mashine haina maana tena.

Kisha sogea mahali ambapo seli nyekundu zinagusana bila kupandana, weka mafuta na lenzi ya mara 100. Hesabu seli nyeupe 200, si 100, ukienda kwa mtindo wa zigizaga kutoka ukingoni kuingia ndani na kurudi, kwa sababu seli hazijapangwa sawasawa kwa upana wa utando.

Blasti ni seli kubwa kuliko limfosaiti ya kawaida. Kiini kinajaza karibu seli nzima, sitoplazimu imebaki ukanda mwembamba wa bluu. Kromatini ni laini, imetawanyika kama unga uliochekechwa, na ndani yake kuna nukleoli moja hadi tano, zimepauka kuliko mazingira yake. Tafuta kwa subira fimbo za Auer, vijiti vyekundu vyembamba ndani ya sitoplazimu. Kijiti kimoja tu kinatosha kuonyesha kwamba upande ni wa mieloidi (tawi la seli za damu lisilo la limfu). Usipokiona hujathibitisha chochote. Kwa jicho peke yake, blasti za limfu na za mieloidi zinafanana kiasi cha kumshinda hata mzoefu. Blasti zikifika asilimia 20, kipimo kinachotumika duniani kinaiita lukemia ya ghafla, lakini hata asilimia 3 kwenye damu ya mtoto ni sababu ya kuita Bugando.

Seli nyeupe chache hazifuti lukemia. Kama mashine imetoa 1.8 na chembe sahani ziko chini, zungusha damu iliyobaki kwenye sentrifuji kwa dakika 10, nyonya kwa pipeti lile tabaka jeupe kati ya utegili na seli nyekundu, tandaza hiyo. Blasti zilizokuwa moja kwa kila slaidi zitakuja kundi zima.

Kuna sura moja ambayo haingoji feri: seli zenye viini vilivyokunjwa kama kiuno cha nyigu, sitoplazimu imejaa chembechembe nyekundu, na fimbo za Auer zimefungwa mafungu kama kuni. Hiyo ni lukemia ya promielosaiti. Mgonjwa anaweza kuvuja damu ubongoni ndani ya saa chache, na ina dawa yake maalumu inayoanza kutolewa kwa kushuku tu. Piga picha kwa simu kupitia lenzi ya macho, bila jina la mgonjwa, tuma kwa daktari anayepokea, na piga simu hapo hapo.

Lukemia sugu ya mieloidi ni kitu kingine. Mtu mzima, bandama imefika kitovuni, seli nyeupe zaidi ya 100, na kwenye slaidi unaona ukoo mzima: blasti chache, mielosaiti nyingi, nyutrofili nyingi zaidi, na basofili ambazo kwa kawaida unazitafuta kwa tochi. Hizo basofili zihesabu vizuri. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford waliona huko Philadelphia kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwenye seli za ugonjwa huu, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kuwa ni vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vilivyobadilishana mahali. Kutokana na hilo ikaja imatinibi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, na ugonjwa uliokuwa unaua ukawa wa kumeza kidonge kila siku. Slaidi yako haiwezi kuonyesha hayo mabadilishano. Kazi yake ni kumfanya mtu aagize kipimo kinachoyaonyesha.

Vinavyofanana, na ambavyo huku ni vingi

Selimundu kwanza. Mtoto mwenye selimundu akiwa kwenye hali mbaya anatoa seli nyekundu zenye kiini, na mashine nyingi zinazihesabu kama nyeupe. Zihesabu kwenye slaidi kwa kila seli nyeupe 100, kisha zidisha jibu la mashine kwa 100 na ugawe kwa 100 jumlisha hizo ulizohesabu. Mashine imesema 48, umekuta 140: 48 × 100 ÷ 240 ni 20. Lukemia imeyeyuka kwa kikokotoo, na zile seli zenye umbo la mundu pembeni zinakwambia kwa nini.

Maambukizi makali yanapandisha seli nyeupe hadi 50 au zaidi, yakiwa na seli changa kidogo. Hapo nyutrofili zina chembechembe nzito nyeusi na madoa ya bluu hafifu, na basofili hazijaongezeka. Bandama kubwa yenye chembe sahani chache, kwa mvuvi au mtu aliyekulia majini, inaweza kuwa kichocho cha ini. Malaria ya muda mrefu nayo inakuza bandama na kuongeza limfosaiti. Seli za bluu iliyokolea zenye vitundu vingi mviringo kwa mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo zinaelekeza kwenye limfoma ya Burkitt, ambayo ukanda huu unaijua vizuri, ingawa mara nyingi haitokei kwenye damu kabisa.

Seli zilizopasuka na kubaki madoa zikiwa nyingi kwa mzee, usizitupe kwenye hesabu. Changanya matone matano ya damu na tone moja la albumini ya asilimia 22, tandaza tena; zikirudi kuwa limfosaiti kamili, umepata kilichokuwa kinapasuka.

Kuandika na kutuma

Kwenye fomu eleza ulichoona, usitoe jina la ugonjwa: "Blasti 78% kati ya seli 200, nukleoli 1–3, fimbo za Auer hazikuonekana, chembe sahani chache bila mabonge." Ongeza umri, bandama na tezi kama vimeandikwa, saa ya kutoa damu, saa ya kutandaza, dawa alizopewa.

Mama atauliza dirishani, "Daktari, mwanangu ana nini?" hata kama wewe si daktari. Neno saratani lisitokee dirishani. "Mama, kwenye damu yake kuna seli tunazotaka Bugando waziangalie leo au kesho, si wiki ijayo. Daktari wako atakueleza vizuri." Kisha umfuate daktari mwenyewe, usimtumie mama na karatasi.

Slaidi zikae kwenye boksi lenye mifereji, kavu, nje ya kibebeo cha barafu. Zikiwekwa na barafu zitatoa jasho. Chupa ya EDTA iende kwenye ubaridi bila kugusa barafu, kwani damu ikiganda kwa baridi seli zinapasuka. Kama wameomba kipimo cha kromosomu, hicho kinataka seli hai kwenye chupa ya heparini ya kizibo cha kijani, joto la kawaida, haraka. Na boksi la slaidi lisifungwe pamoja na kopo la nyama ya uvimbe iliyolowekwa kwenye fomalini. Mvuke wake unapenya hata kifuniko kilichobanwa, na slaidi zinafika Mwanza zikiwa haziwezi tena kushika rangi ila ya kijani-bluu. Boksi moja, mtu mmoja, safari moja ya feri: ni rahisi sana kuvifunga pamoja, na ndivyo inavyotokea.

Ile slaidi ya akiba, ifiksi nayo, uipake rangi na kuihifadhi wima kwenye boksi lenye namba ya daftari. Kama kuna mtafiti anayekusanya slaidi za lukemia, haimhusu mpaka mgonjwa au mzazi awe ametoa ridhaa na utafiti uwe na kibali cha maadili. Jibu la Bugando likirudi, liwe la uboho au la kromosomu, itoe hiyo slaidi, iweke chini ya lenzi, na uitazame upya ukiwa na jibu mkononi.